Mshauri ananiuliza maswali tu, na mimi nataka jibu

Shikamoo shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 25, kitinda mimba katika familia ya watoto wanne. Naishi na mama Section 58 hapa Nakuru. Nilimaliza masomo Egerton, nikafanya vibarua viwili vitatu, kisha mwaka jana mama akapatwa na kiharusi akiwa soko la Wakulima akipanga mboga. Upande wa kulia ulipooza, na maneno yakampotea. Anaelewa kila anachoambiwa, lakini akitaka maji anasema "kiatu", halafu analia kwa hasira.

Tangu atoke hospitalini mimi ndiye namwogesha, namlisha, namgeuza usiku na kumpeleka kliniki. Kakangu mkubwa yuko Nairobi, wa pili yuko Mombasa, na dadangu ameolewa Molo, ana watoto wadogo. Kaka mkubwa hutuma pesa kila mwezi, siwezi kusema hatumi. Lakini akishatuma huandika kwenye grupu ya familia, "Nimetuma," na wengine wanajibu, "Barikiwa sana kaka." Hakuna anayeuliza nililala saa ngapi.

Sasa nimepata kazi Kisumu. Ni kazi niliyosomea, na natakiwa kuripoti mwanzo wa mwezi ujao. Nilipomwambia kaka alisema, "Wewe huna mume, huna mtoto, unakimbilia wapi? Mama akituacha ukiwa Kisumu utajisamehe?" Dada akaniambia niombe tu, Mungu atafungua njia. Naye shangazi yangu wa damu (samahani, najua wewe pia ni shangazi) alisema mama alijinyima sana kunisomesha, kwa hivyo hapo hakuna la kuamua.

Muuguzi mmoja aliniona nikilia kwenye foleni ya kliniki akanielekeza kwa mshauri nasaha. Nimeenda mara kadhaa, na shangazi, nimechoka naye. Siku ya kwanza alinisikiliza tu na kunipa tishu. Tulipokutana tena akatoa karatasi akaichora familia yetu, wanaume miraba, wanawake duara. Akauliza ni nani anayeamka mama akikohoa usiku, nani anazijua dawa zake kwa majina, nani anamwosha. Kwa kila jibu alichora mstari, na mistari yote ikaishia kwenye duara langu. Nikadhani sasa atasema neno. Akaniuliza, "Unaona nini?"

Halafu akaja na swali lililoniudhi kabisa: eti kama usiku wa leo mama angepona nikiwa usingizini, kesho asubuhi ningefanya nini? Nilinyamaza mpaka muda ukaisha, maana sikuwa na jibu. Na wiki iliyopita amesema anataka kaka zangu na dada waje kwa kikao, au waingie kwa simu. Kaka akijua nimepeleka mambo ya nyumbani kwa mtu wa nje, patawaka moto.

Mimi nilitaka aniambie nenda Kisumu au usiende. Hilo tu. Je, huyu ni mshauri kweli? Nirudi au nimwache?

Kuna jambo jingine ambalo hata yeye sijamwambia. Usiku mmoja mama alichafua shuka tena na tena, nikamgeuza kwa nguvu, kisha nikawaza bora Mungu amchukue tupumzike sote. Tangu siku hiyo siwezi kumtazama machoni.

Kitinda Mimba, Nakuru


Marahaba binti yangu,

Naanza na hilo uliloliweka mwisho, kwa sababu nahisi ndilo lililokufanya uishike kalamu. Mwaka 1980 mtafiti mmoja wa Marekani, Steven Zarit, pamoja na wenzake, walichapisha dodoso la kupima mzigo wa mtu anayemtunza mgonjwa wake nyumbani. Toleo linalotumika zaidi siku hizi lina maswali 22. Moja linauliza kama unapandwa na hasira ukiwa karibu na huyo unayemtunza. Lingine linauliza kama unaona maisha yako yamekutoka mikononi tangu augue. Na lingine, papo hapo, linauliza kama unaona ulipaswa kumfanyia zaidi. Hasira na lawama ya kujilaumu vimewekwa kwenye karatasi moja kwa kuwa hukaa ndani ya mtu mmoja. Wazo la "bora apumzike" limewapitia wengi waliowapenda wagonjwa wao. Wengi hawasemi, ndiyo maana kila mmoja hudhani ni yeye tu.

Ule mkono uliomgeuza mama kwa nguvu, hata hivyo, sitaufunika. Mtu aliyepooza upande mmoja huumia bega kwa urahisi sana akivutwa mkono ule dhaifu, na mama hana maneno ya kukuambia ameumia. Hasira ikikupanda tena, hakikisha amelala salama, toka chumbani, nawa uso, ndipo urudi. Shuka iliyochafuka inaweza kungoja dakika tano. Kwenye kliniki ya mazoezi waombe wakuonyeshe wewe, si mama, namna ya kumgeuza bila kumvuta mkono dhaifu. Nina hakika mgongo wako nao unauma, ila hukuandika.

Kisha mwambie mshauri wako, na umwambie mapema. Siri ya chumba kile haimfikii kaka yako. Mpaka wake ni pale mshauri anapoona kuna mtu yumo hatarini, na hata hapo kwa kawaida huanza kwa kuzungumza nawe. Atakuuliza kama imejirudia, unalala vipi, unakula vipi, na kama umekaa wiki mbili au zaidi bila kufurahia chochote. Na kama lile wazo la kupumzika litakugeukia wewe mwenyewe, usingoje siku ya miadi. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana nambari 1199, haina malipo, unapiga hata ukiwa umejifungia bafuni.

Sasa tuje kwa huyo mshauri. Nitamtetea, lakini si kwa yote.

Hebu tazama umezungukwa na nani. Kaka amekwisha kuamua. Dada amelikabidhi kwa maombi. Shangazi yako wa damu amesema hakuna la kuamua. Wote wamekujibu na hakuna aliyekuuliza. Mshauri angekuwa wa nne kukupa amri, na ungeondoka pale ukiwa na amri moja zaidi ya kutii au kuvunja. Akisema nenda, siku mama akizidiwa ungemlaumu yeye. Akisema kaa, ungekaa na kinyongo, na mwenye kuhisi kinyongo hicho usiku wa manane ni mama. Ndiyo sababu washauri waliofunzwa hukataa kuamua kwa niaba ya mtu mzima. Kwa kijana wa umri wako huwa wagumu zaidi, maana kijana kama wewe ameishi kwa maamuzi ya wengine, kuanzia shule aliyopelekwa hadi kanisa analosali.

Lile swali la asubuhi halikutoka hewani. Lilienezwa miaka ya 1980 na Steve de Shazer na mkewe Insoo Kim Berg, waliokuwa wakifanya tiba ya familia Milwaukee, Marekani. Halikusudii kukuotesha ndoto. Linatafuta kitu kimoja kidogo cha kweli: ungeamka saa ngapi, ungevaa nini, ungempigia nani simu. Ulinyamaza kwa kuwa tangu mwaka jana hujaiona asubuhi isiyoanza na beseni na nepi. Mshauri mzuri anapokutana na kimya cha namna hiyo haharakishi kukijaza. Lakini pia hukirudia siku nyingine, na kama hakukirudia, mkumbushe.

Mwaka 2000 mwanasaikolojia wa Marekani, Jeffrey Arnett, alipendekeza kwamba miaka kati ya 18 na 25 au zaidi kidogo itazamwe kama kipindi chake peke yake, ambapo mtu si mtoto tena wala hajawa mtu mzima kamili, na bado anatafuta kazi yake, watu wake na nafasi yake. Wengi wanaowashauri vijana hutumia mawazo hayo, nami nayaona yana maana. Shida huja mshauri anapoyameza mzima mzima na kumwambia kijana ajitenge na kwao ndipo akue. Hapa Nakuru hakuna anayekua hivyo, na hata angeweza, sijui kama ningemshauri. Wewe hutaki kumwacha mama. Unataka kuondoka bila kumwacha, na hilo ni swali tofauti. Huyo wako, kwa kutaka ndugu zako waje, anaonyesha amelielewa.

Na hapo ndipo kuna kiini cha jambo lako. Shangazi yako anasema mama alijinyima, na ni kweli. Alikuwapo tabibu mmoja wa familia, Ivan Boszormenyi-Nagy, mzaliwa wa Budapest aliyefanya kazi Philadelphia. Alifundisha kwamba kila familia ina daftari lisiloandikwa, la nani amempa nani na nani anadaiwa, na kwamba ugomvi mwingi wa nyumbani ni hesabu za daftari hilo. Mtoto akilipishwa deni la ukoo mzima, alisema, ataumia, hata kama analipa kwa mapenzi. Mama yako alisimama sokoni akauza mboga akasomesha watoto wangapi? Wanne. Deni lile si lako peke yako kwa sababu tu ndiwe uliyekuwa nyumbani siku aliyoanguka, wala kwa sababu huna mume. Kauli hiyo ya "huna mume, huna mtoto" nimeisikia katika barua nyingi mno, karibu zote za mabinti. Kwa mwana wa kiume ambaye hajaoa husemwa, "Mwacheni kijana akatafute."

Kwa hivyo kikao cha familia si nyongeza ya kukusumbua. Kwa wanaotunza wagonjwa, mara nyingi ndicho tiba yenyewe. Huko New York, mtafiti Mary Mittelman na wenzake waliwafuatilia wanandoa 406 waliokuwa wakiwatunza waume au wake zao wenye ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu polepole. Nusu yao walipewa vikao 2 vya peke yao na 4 pamoja na ndugu, kisha wakaweza kumpigia mshauri kila walipokwama. Matokeo waliyochapisha mwaka 2006 yalionyesha kwamba wagonjwa wa kundi hilo walibaki nyumbani takriban mwaka mmoja na nusu zaidi kabla ya kupelekwa kwenye makao ya kutunzia wazee. Ugonjwa si ule wa mama yako, na makao ya aina hiyo kwetu ni machache. Lakini angalia hesabu ya vikao: vya familia vilikuwa mara mbili ya vile vya mtunzaji peke yake.

Kuhusu kaka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, naye wa kwako ameubeba kwa simu tu. Hata hivyo usiende kwenye kikao ukitarajia mshauri amkaripie kwa niaba yako. Kazi yake pale ni kuwa upande wa kila mmoja kwa zamu. Atamuuliza kaka yeye amebeba nini miaka hii, na huenda ukasikia habari za mkopo au karo ambazo hukuzijua. Lile swali lake, "Utajisamehe?", lisome tena polepole. Aliye mbali na mama leo hii ni yeye. Huenda alikuwa akikuuliza swali linalomkosesha usingizi kule Nairobi.

Mwaliko usiuandike kwenye grupu. Mpigie yeye mmoja, wakati ambao hajachoka, umwambie: "Kaka, kuna mtaalamu wa kliniki ananisaidia kupanga matunzo ya mama, na ameomba awasikie ninyi pia." Huo ni ukweli mtupu na haumvui mtu nguo. Akiwaka, mpe mshauri nambari yake, ampigie mwenyewe. Wamezoea kuwakiwa.

Mkikutana, ile karatasi yenye miraba na duara iwekwe mezani. Omba mambo yenye siku na saa. "Nisaidieni" ni neno ambalo mtu hulijibu kwa kutuma elfu tatu. "Wikendi mbili za kila mwezi dada aje, au mama aende Molo" ni jambo ambalo mtu lazima alijibu ndiyo au hapana. Kaka wa Mombasa, ambaye katika barua yako yote amepata nusu sentensi, naye aulizwe. Pesa ambazo mkubwa hutuma zikiongezwa na za wengine zinaweza kumlipa mama mmoja wa jirani mwenye subira, akafunzwa na wewe kabla hujaondoka: namna ya kumkalisha wima anapokula, tonge dogo dogo, asilazwe mara tu baada ya chakula kwa kuwa aliyepata kiharusi hupaliwa kwa urahisi. Wahudumu wa afya wa kijamii wa mtaa wenu wana mashine za kupima presha, waulize ratiba yao. Na mama, kwa hali aliyo nayo, aanze kupimwa kwenye hospitali ya umma ili asajiliwe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hiyo ni shughuli inayoweza kufanywa na mtu asiyejua hata kubadilisha nepi, kwa hivyo mpe kaka.

Mimi ningeongeza sharti moja, na ni langu, si la mshauri: kabla ya uamuzi wowote, kaka mkubwa alale siku mbili usiku na mama, wewe ukiwa kwa rafiki na simu umeizima.

Nirudi kwa makosa ya mshauri. Siku ya kwanza alipaswa kukueleza anafanya kazi vipi, kwamba hatakuamulia, siri yake ina mipaka gani, na mnatarajia kukutana mpaka lini. Kwa barua yako sioni kama alifanya hivyo. Ungejua mapema, usingekaa pale ukisubiri hukumu kama mtu aliye mahakamani. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, na una haki ya kumuuliza kama amesajiliwa. Asiyependa kuulizwa hilo mwache. La pili ni hili: je, anaijua tarehe? Umeniambia mimi kwamba unaripoti mwanzo wa mwezi. Kama yeye anadhani una nafasi ya mwaka mzima wa kutafakari, atakwenda kwa mwendo wa mwaka mzima. Mwambie tarehe.

Kuna mtu mmoja ambaye katika barua yako ameogeshwa, amelishwa na amegeuzwa, lakini hajaulizwa. Umesema mama anaelewa. Basi mweleze habari za Kisumu. Zima redio, kaa mbele ya uso wake, sema sentensi fupi, swali moja moja la ndiyo au hapana, na umpe muda mrefu kuliko unavyodhani anahitaji. Akujibu kwa kichwa au kwa kukubana kidole kwa mkono wa kushoto. Kisha lirudie swali kwa kuligeuza, uone kama jibu linageuka, kwa sababu waliopoteza maneno wakati mwingine husema ndiyo wakimaanisha hapana. Na kile kilio chake usikiite hasira tu. Takriban mmoja kati ya watu watatu waliopata kiharusi hupatwa na sonona baadaye, yaani huzuni nzito isiyoisha, na ina dawa na tiba yake. Waambie kliniki.

Umeniuliza uende au usiende. Mshauri hawezi kukuambia. Mimi ni shangazi, naweza. Waandikie waajiri wako wa Kisumu leo, uwaambie una mgonjwa nyumbani, uombe wiki chache zaidi za kujipanga. Waajiri wengine hukubali, na barua haigharimu kitu. Muda huo uutumie kwa kikao, si kwa kulia kwenye foleni. Zamu zikipatikana, nenda, na wewe pia uwe na zamu yako, maana Kisumu si ng'ambo, kuna matatu mchana kutwa. Zisipopatikana bado ningekuambia usiikatae kazi kabla hujaulizia namna ya kumhamisha mama pamoja nawe, ingawa kodi, kliniki mpya na mtu wa kushinda naye mchana ukiwa kazini ni mambo ya kuhesabiwa kwanza, tena na ndugu zako wakiwa mezani.

Kwa mshauri, rudi angalau mara moja zaidi. Ingia umwambie hivi hivi ulivyoniandikia: kwamba amekuudhi, kwamba ulitaka jibu, na kwamba kuna usiku mmoja hujamsimulia. Akijitetea, au akikuambia huna shukrani, mtafute mwingine. Akisogeza kiti karibu na kukuuliza ni usiku gani huo, mweleze.

Shangazi